Dhahabu ya Kilwa Haimo Kwenye Orodha

Imani moja imeota mizizi kwa ndugu zetu wanaosafiri, hasa wanaoishi Ulaya na kuvizia ndege za bei nafuu Ijumaa jioni: kwamba mji mkuu wowote wa huko unamalizika kwa Jumamosi na Jumapili, ilimradi uwe na orodha ya vivutio na miguu ya kutembea. Jumatatu mtu yuko kazini, anasema Lisbon kaimaliza. Ukimwuliza kaona nini, anakutolea simu uangalie picha. Naipinga imani hiyo, na nitaipinga kwa Lisbon hiyo hiyo, kwa kuwa sijui mji mwingine wa Ulaya ambako orodha hiyo inawapunja watu wa pwani yetu kiasi hicho.

Orodha yenyewe kila mtu anayo, na ni ile ile. Trami namba 28. Mnara wa Belém. Monasteri ya Jerónimos. Vile vitobosha vya maziwa na mayai vinavyouzwa Belém tangu 1837. Machweo ukiwa juu Alfama, halafu chakula cha usiku fado ikiimbwa. Vyote ni vizuri, na vitobosha hivyo vikitoka jikoni vya moto, ukavinyunyizia mdalasini, foleni utaisahau. Asiache mtu kula. Kosa la orodha ni kwamba inakupitisha mlangoni pa mambo mazito, kisha inakuharakisha uende kwingine.

Tazama Jerónimos. Wageni wanapiga picha mawe yaliyochongwa mfano wa kamba za meli, wanatoka. Ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16, chini ya Mfalme Dom Manuel wa Kwanza, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki. Ndani ya kanisa, karibu na mlango, lipo kaburi la Vasco da Gama. Kwa Mreno, huyo ni shujaa wa taifa. Kwa mtu wa Mombasa, Malindi au Kilwa, ni mtu aliyefika nyumbani. Alipita mwaka 1498, akapokelewa vizuri Malindi. Mwaka 1502 akarudi na msafara wa meli zenye mizinga, akatia nanga Kilwa, akamtisha Amiri Ibrahim kwamba atauteketeza mji, mpaka Amiri akakubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu kila mwaka.

Dhahabu hiyo ilikwenda wapi? Iko Lisbon mpaka leo, na unaweza kuiona kwa macho yako.

Imehifadhiwa katika Museu Nacional de Arte Antiga, barabara ya Janelas Verdes, kati ya katikati ya mji na Belém. Trami namba 15 inayowapeleka wageni Belém inapita chini ya jengo hilo, na wengi hawashuki. Humo mna monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili iabudiwe. Kimo chake kinapita kidogo sentimita 70. Ni dhahabu iliyotiwa rangi za enameli, kazi inayonasibishwa na sonara Gil Vicente. Katikati mitume 12 wamepiga magoti, kila mmoja na uso wake, wakizunguka pahali pa hostia. Shingoni pamepangwa tufe za falaki, alama ya Dom Manuel. Shuka na macho hadi kwenye kitako, zunguka kioo polepole. Kuna ukanda wa maandishi. Unasema kwamba mfalme aliagiza chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kazi ilikamilika mwaka 1506. Jina la Kilwa limo, kwa tahajia ya Kireno.

Mwaka 1506! Julai ya mwaka uliotangulia, Francisco de Almeida alikuwa ameshaivamia Kilwa, askari wake wakaipora na kujenga ngome pale kisiwani. Mwezi uliofuata akaichoma Mombasa. Yaani sonara anakamilisha kazi, mji uliolipa kodi umeshatekwa. Sisi tumesoma shuleni kwamba Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyoshuka kutoka bara la Zimbabwe kupitia Sofala. Tumeona magofu ya Husuni Kubwa na ya msikiti mkuu. Dhahabu yenyewe hatujaionea Kilwa, kwa sababu iliondoka. Halafu mjukuu wa pwani hiyo anafika Lisbon kwa gharama zake, anasimama foleni ya mnara, anarudi bila kujua.

Nimeshaambiwa kwamba naharibu starehe za watu. Viza ya Schengen ni taabu, nauli ni jasho la mtu, kwa nini akainamie vioo vya makumbusho na kujitafutia huzuni? Wengine hunitajia methali, mwenda bure si mkaa bure. Nami nawaambia: ikiwa safari imekugharimu hivyo, usikubali kuuziwa ile ile anayouziwa kila mtu. Chombo hicho kinataka saa moja tu ya siku yako. Na huzuni si jambo pekee utakaloondoka nalo, kwani utakuwa umeona uthibitisho kwamba mji wetu ulikuwa na kitu ambacho mfalme wa Ulaya alikitamani mpaka akaandika jina la mji huo kwenye sadaka yake.

Hata hiyo trami namba 28 ina lake. Karibu na njia yake, upande wa São Bento, kuna barabara inayoitwa Poço dos Negros, Kisima cha Watu Weusi. Mwaka 1515 Dom Manuel yule yule aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa Waafrika waliofia mjini. Shuka, tembea dakika chache, soma kibao cha mtaa.

Upande wa chakula orodha nayo inadanganya, inakusukuma kwenye mikahawa ya Baixa yenye picha za vyakula mlangoni. Bacalhau mle, tena kwa heshima: ni samaki wa bahari za kaskazini, aghalabu kutoka Norway, aliyetiwa chumvi akakaushwa, na aliyelelewa kwa papa ng'onda ataelewa mara moja kwa nini anarowekwa muda mrefu. Lakini ingia pia mkahawa wa kawaida wa mtaani, angalia kwenye kabati la kioo pembeni ya keki. Utaiona sambusa, wao wanaiita chamuça, iliyofika huko na watu wa Goa na Msumbiji. Inaliwa kwa kusimama kaunta, na kahawa fupi chungu.

Kwa hiyo mwenye siku mbili afute nusu ya orodha. Jumamosi asubuhi aende Janelas Verdes kwanza, akiwa na nguvu, kisha ndiyo ashuke Jerónimos kwenye kaburi. Akianza na kaburi hatajua anatazama nini. Mawakala wa safari wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanaopanga ratiba za Ulaya waiandike Kilwa kwenye ukurasa wa Lisbon, kwa herufi za kuonekana. Na kabla ya kukata tiketi, hakikisheni makumbusho yatakuwa wazi: Jumatatu hufungwa.