Afya katika jamaa: Kizunguzungu cha kurithi si laana

Juma hili tunapenda kusema nanyi juu ya ugonjwa usiojulikana na wengi, nao huleta huzuni mara mbili: kwa mateso yake, na kwa maneno ya watu. Mtu anapita njiani akiyumba kama mlevi, naye hajaonja pombe. Anaushika ukuta, kwani machoni pake ukuta wenyewe unazunguka. Majirani wanacheka. Na kama baba yake naye aliyumba vivyo hivyo, au shangazi yake alipofuka angali kijana, kicheko hugeuka kuwa mashitaka: jamaa hii imelogwa.

Tuseme kwanza kwamba kizunguzungu kingi hakitoki katika ugonjwa huu. Malaria, njaa, upungufu wa damu, hata kwinini yenyewe, huweza kukizungusha kichwa. Lakini kuna kizunguzungu kisichokwisha, na katika jamaa chache asili yake ni ugonjwa wa kurithi uitwao von Hippel-Lindau. Jina hilo ni la waganga wawili: Eugen von Hippel, Mjerumani, aliyeeleza vinundu vya machoni mwaka 1904, na Arvid Lindau wa Uswidi, ambaye mwaka 1926 alionyesha kwamba vinundu vya macho na vya ubongo ni ugonjwa mmoja. Huupata mtu mmoja hivi katika watu 36,000.

Ugonjwa huo hutendaje? Kila mtu hupokea kwa baba na kwa mama maagizo ya kuujenga mwili wake, yaitwayo jeni. Katika jamaa hizo jeni moja ina kasoro. Wataalamu waliigundua mwaka 1993. Kazi yake ni kuzisaidia chembe za mwili zitambue kama hewa ya oksijeni inazitosha. Ikiharibika kabisa, chembe hudhani zimekosa hewa, nazo huita mishipa mipya ya damu bila kikomo. Hivyo huota vinundu machoni, katika uti wa mgongo, na katika ubongo mdogo ulio kisogoni, ambao hutuongoza tusimame na kutembea sawasawa. Pengine uvimbe huota sikioni, karibu na kifuko cha maji ya sikio la ndani. Hapo mtu hupata kizunguzungu, husikia mlio, na huweza kuwa kiziwi kwa ghafula. Figo, kongosho na tezi zilizo juu ya figo nazo huweza kupata uvimbe, na ule wa figo huweza kuwa kansa.

Basi, nani mwenye kosa? Mzazi mwenye jeni hiyo huweza kumrithisha kila mtoto, mvulana au msichana, kama vile sarafu irushwayo juu huweza kuangukia upande huu au ule. Mtoto asiyeirithi hawezi kuwapa watoto wake. Tena, mgonjwa mmoja hivi katika watano ndiye wa kwanza katika ukoo wake. Uchawi uko wapi hapo? Someni Injili ya Yohane, sura ya 9. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Yezu Kristu alikataa kumhukumu yeyote kati yao. Nasi tunathubutuje kuhukumu?

Lakini kutohukumu hakutoshi. Lazima kusema ukweli. Jamaa nyingi huficha ugonjwa wa ukoo ili binti aolewe na kijana apate mchumba. Siri hiyo huwaponza watoto. Kinundu cha jicho kikionekana mapema huweza kuchomwa kwa mwanga wa leza kabla mtoto hajapofuka. Kwa hiyo mtoto wa mzazi mgonjwa aonwe na mganga wa macho kila mwaka tangu utoto wake, apimwe mbio za damu na masikio, na akikua apigwe picha za ubongo, mgongo na tumbo. Mashine za picha hizo hazipatikani kila mahali, lakini mganga akiijua habari ya ukoo atajua wapi pa kuanzia. Mama mjamzito na mtu atakayepasuliwa wasiache kuitaja, kwani uvimbe wa tezi za juu ya figo usiojulikana huweza kupandisha damu kwa hatari kubwa. Vinundu vingine hupasuliwa. Na tangu mwaka 2021 kuna dawa iitwayo belzutifani, iliyokubaliwa Marekani, inayoweza kuvipunguza, ingawa haiondoi jeni yenye kasoro, wala haifai kwa mama mjamzito.

Na kizunguzungu kikibaki hata baada ya matibabu? Mgonjwa ajifunze kuishi nacho. Aamkapo, akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Usiku awe na taa, maana macho huusaidia mwili ukose kuanguka. Achukue fimbo bila haya. Asipande mchikichi, asivuke mto juu ya gogo peke yake, wala asiendeshe baiskeli siku ambayo kichwa kinamzunguka. Lakini asilale siku zote: kutembea kidogo kidogo na mazoezi ya kugeuza kichwa, kama mganga alivyomwonyesha, huufundisha ubongo kusimama upya.

Wazazi, msimwachie binti mgonjwa kuteka maji kwenye ngazi za utelezi. Walimu, mwanafunzi anayeyumba mbele ya ubao asipigwe wala asichekwe; apewe nafasi ya mbele. Nanyi waumini, mwenzenu akikaa wakati wengine wanapiga magoti kwenye Misa, msimtazame kwa jicho baya. Mpeni mkono atokapo kanisani, mkamsindikize mpaka mlangoni pake.