Namba 990,341

Wapo watu wasemao kwamba namba kubwa haina faida ila kutajwa katika hotuba. Mimi nawapinga. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 990,341 katika Trans Nzoia, ambayo makao yake ni Kitale. Wengi husema "milioni moja" na kupita. Kwa neno hilo wameumba watu 9,659 wasiozaliwa na mama yeyote, na agawaye dawa kwa hesabu hiyo ataugawia upepo.

Itazameni namba yenyewe. Jumlisheni tarakimu zake mkiruka moja moja: 9, 0 na 4 ni 13, zilizorukwa, 9, 3 na 1, ni 13 vilevile. Jumla hizo zikilingana, namba hugawanyika kwa 11. Hapa twapata 90,031, nayo ni namba tasa. Basi atakaye kuwapanga watu wale katika makundi sawa, asipowaweka mmoja mmoja, ana njia mbili tu: makundi 11, au makundi ya watu 11.

Jirani yetu Bungoma ilikuwa na watu 1,670,570. Nayo yagawanyika kwa 11, na jumla zake ni 13 na 13! Mwanafunzi mmoja aliniambia kuwa huo ni uchawi. La hasha! Katika kila namba 11 zifuatanazo, moja hugawanyika kwa 11. Katika jozi 121, yatazamiwa jozi moja kama hii. Lakini yule wa "milioni moja" hata uchawi huo asingeuona.