Neno la Mhariri: Nani Alilipia Ukumbi?

Toleo hili lilipangwa liwe la Kongo. Likageuka njiani, kwa kuwa karibu kila makala ya Goma iliyotufikia ilipitia Nairobi, na kila ya Sudan iliishia KICC, jumba la mikutano jijini humo. Basi na liwe toleo la Nairobi.

Kilichoniudhi ni chai. Februari 18, 2025, RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, na washirika wao walikusanyika KICC kuandaa serikali yao mbadala, Abdelrahim Dagalo, nduguye kiongozi wao Hemedti, akiwamo. Wiki sita kabla, Marekani ilikuwa imetamka kwamba RSF wametenda mauaji ya kimbari. Machi, Sudan ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwamo, na hapo ndipo vyumba vyetu vya habari vilipozinduka: makontena, bei, hasara. Mkulima wa Kericho ana haki ya kulia. Lakini vita vilivyohamisha mamilioni ya watu tangu Aprili 2023 navyo vikahamia kurasa za biashara.

Wahariri wenzangu watanijibu kwamba walimkosoa Rais Ruto kwa kuwakaribisha RSF. Walimkosoa, tena vikali, ila kwa namna ile ile wanavyomkosoa kuhusu kodi: Ruto na wapinzani wake, raundi nyingine. Mtu wa Darfur, magharibi mwa Sudan, hakuwamo.

Swali nililolisubiri ni la kihasibu: nani alilipia ukumbi? KICC ni shirika la umma, hatua chache kutoka Wizara ya Mambo ya Nje, Harambee Avenue. Kutoka jumba la Nation, Kimathi Street, unafika kwa miguu. Ukumbi wa umma hukodishwa kwa ankara, na ankara huwa na jina la mlipaji. Jina hilo lingetufunza kuhusu vita vya Sudan zaidi kuliko wachambuzi wote walioketi studio wiki ile. Je, ni pesa za dhahabu ya Darfur? Ni Falme za Kiarabu, zinazotuhumiwa kuwapa RSF silaha, nazo hukanusha? Januari 14, mwezi mmoja kabla ya mkutano, Kenya ilitia saini nazo mkataba wa biashara, na mkopo wa dola bilioni 1.5 kutoka huko ulikuwa ukizungumzwa. Huenda mambo haya hayahusiani. Mwandishi hulipwa ili aulize mpaka ijulikane.

Mbona hatuulizi? Vyombo vya habari vinaidai serikali mabilioni ya shilingi za matangazo, na Machi 2024 iliagiza matangazo yake ya redio na televisheni yapelekwe KBC, shirika lake la utangazaji. Mhariri anayesubiri hundi huchagua vita vyake.

KICC haikuwa mara ya kwanza. Desemba 15, 2023, siku tano kabla ya Wakongo kupiga kura, Corneille Nangaa, aliyewahi kuongoza tume yao ya uchaguzi, alizindua muungano wa Alliance Fleuve Congo katika hoteli ya Serena, Nairobi, akiwa na Bertrand Bisimwa wa waasi wa M23. Kinshasa ikamwita nyumbani balozi wake. Ruto akasema nchi ya kidemokrasia haimkamati mtu kwa kutoa taarifa. Miezi kumi na minne baadaye, Waziri wa Mambo ya Nje, Mudavadi, akatetea kukaribishwa kwa RSF kwa hoja isiyo mbali na hiyo: Kenya inatoa jukwaa tu. Katikati ya kauli hizo mbili, Goma na Bukavu zilitekwa na M23.

Anzeni na makala ya Goma. Mwandishi wake alikuwa mjini humo ulipotekwa, Januari 2025. Inayowacheka waandishi wa kigeni wanaosimulia Sudan kutoka mitaa ya Nairobi ya Lavington na Kileleshwa ina maneno makali, mengine si ya haki, nami sikuyapunguza. Insha ya Somalia ni fupi. Inauliza kwa nini serikali ilikataa kutangaza idadi ya wanajeshi wetu waliouawa katika shambulio la El Adde, Januari 2016.

Nirudi kwenye ankara. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinampa kila raia wa Kenya haki ya kuidai, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Huhitaji wakili wala kadi ya uanahabari. Msomaji, iandikie KICC. Jibu ukilipata, tuletee, tutalichapa lilivyo.