Damu Haichori Ramani ya Ubongo

Hoja za wanaobeza kazi ya kuchora ramani ya alama za kikemikali kwenye DNA ya ubongo mmezisikia. Hukumu ni yenu. Nami naziweka mezani moja moja.

Wanasema jenomu ya binadamu ilikwisha kusomwa mwaka 2003, kwa hiyo alama hizi hazina uzito. Mwaka ni sahihi, hitimisho ni potofu. Herufi bilioni 3 za jenomu hiyo ni zilezile kwenye seli ya ini na kwenye niuroni, hivyo peke yake haziwezi kueleza kwa nini seli hizo mbili hazifanani. Hapo ndipo alama zinapoingia. Mwaka 2013 watafiti Ryan Lister, Joseph Ecker na wenzao walionyesha kuwa alama za methili, mojawapo ya alama hizi za kikemikali, zilizo nje ya jozi za CG (herufi C ikifuatwa na G) karibu hazipo kwenye ubongo wa kijusi, kisha hurundikana kwenye niuroni tangu utotoni hadi ujanani. Protini ya MeCP2 hushikamana na alama hizo. Jeni yake ikiharibika huja ugonjwa wa Rett: mtoto, aghalabu wa kike, hukua vizuri miezi ya mwanzo, halafu hupoteza maneno aliyokwisha kuyajua, na mikono iliyoshika kikombe haishiki tena. Kama alama hazina uzito, mbona kuharibika kwa protini inayozisoma kunamnyang'anya mtoto usemi?

Wanasema pia kwamba ubongo wa mtu aliye hai haufikiki, basi damu inatosha. Kutofikika ni kweli. Lakini kila aina ya seli ina mpangilio wake wa alama, na damu ni mchanganyiko wa seli nyeupe ambao uwiano wake hubadilika hata kwa maambukizi ya kawaida. Tena, haohao waliosema alama hazina uzito sasa wanataka kuzitumia kusoma hali ya ubongo kupitia damu ya mkononi. Wachague moja.

La mwisho, eti ramani ilikamilika Oktoba 2023. Ile ni kazi kubwa: seli zaidi ya 500,000 kutoka maeneo 46 ya ubongo. Ila bongo zenyewe zilikuwa za wanaume watatu, watu wazima. Isitoshe, ilitumika baisulfaiti kuzisoma alama. Kemikali hiyo huigeuza sitosini (herufi C ya DNA) tupu isomeke T, huku yenye methili ikibaki C. Yenye haidroksimethili, alama nyingine iliyojaa kwenye niuroni, nayo hubaki C, kwa hiyo alama mbili tofauti zimeandikwa kama moja. Mbinu za kuzitenganisha zipo tangu 2012. Zitumike, seli kwa seli, kwenye bongo za wanawake na za watoto pia.