Tamko la wauguzi na wakunga: huduma ya mwanamke isiishie miaka 49

Sisi wauguzi na wakunga tunaofanya kazi katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za Tanzania, pamoja na wenzetu waliokwisha kustaafu, tunatoa tamko hili tarehe 18 Oktoba, Siku ya Kukoma Hedhi Duniani. Linahusu mambo ambayo wanawake wa makamo hutuletea kliniki na ambayo mara nyingi hurudi nayo nyumbani kama walivyokuja nayo: uchovu usioisha, mwili kukosa nguvu, na wasiwasi ambao mwenyewe hajui umetoka wapi.

Msimamo wetu tunautaja mapema. Dalili hizi zina nafuu na zina tiba. Mwanamke anayezipata hajarogwa, hajachanganyikiwa, wala hatafuti visingizio vya kukwepa kazi za nyumbani. Ameachwa njiani na utaratibu wa huduma ambao sisi wenyewe ni sehemu yake.

Anayetaka kuona alipoachwa atazame takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Hedhi nayo, kwa wanawake walio wengi duniani, hukoma kati ya miaka 45 na 55. Maana yake ni kwamba tunaacha kumhesabu katikati ya safari. Kliniki zetu zimejengwa hivyohivyo: kuna siku ya wajawazito, siku ya chanjo, na chumba cha uzazi wa mpango. Mwanamke wa miaka 51 asiye na mimba wala mtoto mgongoni hana siku yake. Akija hupangwa foleni ya wagonjwa wa nje, husema anaumwa mwili mzima, na hupewa dawa ya maumivu. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kufikia mwaka 2021 wanawake wenye miaka 50 na zaidi walikuwa asilimia 26 ya wanawake na wasichana wote duniani. Hawa si wachache wa kusukumwa pembeni.

Kinachotokea mwilini kinaelezeka. Miaka kadhaa kabla ya hedhi kukoma, ovari huanza kutoa homoni bila mpangilio: estrojeni iko juu leo, wiki ijayo imeporomoka. Tunasema hedhi imekoma pale tu miezi 12 mfululizo inapopita bila damu, lakini wengi husumbuka zaidi kabla ya hapo, wakati bado wanaona siku zao na kwa hiyo hata hawafikirii jambo hili. Sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili huwa rahisi kushtuka. Joto dogo tu, uso na kifua vinawaka, jasho linatiririka, moyo unakwenda mbio, na baada ya dakika chache yote yanapita. Yakimpata mara nne au tano usiku mmoja, huyo hajalala, na asubuhi hana haja ya kuulizwa kwa nini amechoka. Wala si jambo la miezi miwili. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi uligundua kuwa nusu yao walipata joto hili kwa zaidi ya miaka 7, na kwa wenye asili ya Afrika muda huo ulizidi miaka 10. Kumwambia mtu avumilie miaka 10 ni kumfukuza kwa adabu.

Hapa tunaomba wenzetu wa kada zote watusikilize, maana makosa tunayoyafanya ni mawili na yanapingana. La kwanza ni kuliita kila jasho la usiku malaria. Kipimo cha haraka kipo. Kikisema hakuna vimelea, mama asirudishwe nyumbani na dawa mseto kwa mara ya tatu mwaka huohuo. La pili ni kinyume chake: mwanamke amevuka 45, basi kila analolisema ni mabadiliko ya umri. Jasho la usiku lenye kikohozi cha wiki mbili na kupungua uzito ni la kuchunguzwa kifua kikuu kwanza. Uchovu mzito unaweza kuwa kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, au VVU ambavyo havijapimwa, kwa sababu huwa tunajisahau tukadhani kipimo hicho ni cha vijana.

Na unaweza kuwa upungufu wa damu. Hili tunalikazia kuliko mengine kwa sababu linaonekana sana na linapuuzwa sana. Katika miaka ya kuelekea kukoma hedhi, damu ya mwezi kwa wengi huja nzito kuliko ilivyowahi kuwa. Mwanamke anabadilisha pedi kila baada ya saa moja, anatoa mabonge, damu inapita siku saba, na kwa kuwa amesikia kwamba ukubwani hedhi huvurugika, anaona ndiyo kawaida. Anapanda ngazi tatu anahema. Anainama kufagia, kizunguzungu. Tone moja la damu kwenye kipimo cha hemoglobini lingetoa jibu, na kipimo hicho tunacho kwa sababu tunakitumia kwa wajawazito. Apimwe naye. Apewe vidonge vya madini ya chuma, na chanzo cha damu hiyo kitafutwe. Damu ikitoka baada ya miezi 12 ya ukavu, hata tone, si hedhi iliyorudi. Huyo apelekwe kuchunguzwa kizazi na mlango wa kizazi bila kungoja tone la pili, hasa tukikumbuka kuwa saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii.

Wapo wanaochoma sindano ya uzazi wa mpango, na hao hedhi yao huweza kusimama kwa sababu ya sindano, hivyo wasihesabu miezi 12 kwa kuitegemea. Wapo pia walioondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji: kwao mabadiliko haya huja kwa kishindo ndani ya siku au wiki chache, na ni haki yao kuelezwa kabla ya kulazwa mezani. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, daktari amwone.

Wasiwasi tumeuweka mwisho wa dalili, ingawa ndio unaowatesa wengi kimyakimya. Mwanamke aliyeendesha duka, kilimo au darasa kwa miaka 20 anaamka saa tisa usiku moyo ukidunda, akiogopa jambo asiloweza kulitaja. Anasahau jina la mwanafunzi wake. Analia kwenye daladala. Anaanza kukwepa vikao vya kikoba, na mume anaona mkewe amebadilika, labda ana mtu. Sehemu ya hali hii inatokana na homoni, sehemu na kukosa usingizi, na sehemu na umri wenyewe: wazazi wanaugua, watoto wanadai ada, kazini kuna kijana anayekinyemelea kiti chake. Hatukubali kwamba dawa ya haya ni dayazepamu ya kununua duka la dawa bila cheti. Inalaza siku chache, kisha mwili unaizoea na kuidai. Kinachosaidia kwanza ni mtu wa kusikiliza kwa utaratibu. Tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuitambua hofu na kuijibu imethibitika kupunguza wasiwasi na hata kero ya joto la ghafla. Pale sonona inapokuwa nzito, kuna dawa zake, na hazina aibu kuliko za presha. Anayewaza kujidhuru afikishwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Kuhusu dawa za homoni, tunataka hofu iliyopitiliza iondoke na pupa pia isiingie. Mwaka 2002 utafiti mwingine mkubwa wa Marekani ulisitisha sehemu ya jaribio lake baada ya kuona ongezeko la saratani ya matiti na magonjwa ya moyo, na dunia nzima ikaziogopa dawa hizi. Kilichosemwa kwa sauti ya chini ni kuwa wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Uchambuzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa mwenye afya njema ambaye hajafika miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida mara nyingi huzidi hatari. Ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote kwa joto la ghafla. Mwenye kizazi hapewi estrojeni pekee, huongezewa projesteroni. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kupata damu kuganda miguuni au kwenye mapafu, na anayetokwa damu isiyojulikana chanzo, hizi si zake, na zipo dawa nyingine zisizo za homoni. Wanaotumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri wajue jambo moja: vidonge vya chuma na kalsiamu huizuia kufyonzwa. Ama wavimeze pamoja na dolutegraviri wakati wa chakula, ama wameze dolutegraviri saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake.

Ya nyumbani tutayataja kwa ufupi. Chai ya rangi isinywewe na chakula, ingoje kama saa moja, kwani huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha kuingia mwilini. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni kalsiamu ya bei nafuu kuliko kopo lolote la kuagizwa. Pombe huharibu usingizi hata kama huuleta haraka. Mazoezi ya kubeba uzito hulinda mifupa na kutuliza akili, na mwenye kazi ya kukaa ofisini kutwa anayahitaji. Ila kumwambia mazoezi mama anayebeba ndoo ya maji kichwani kilomita mbili na kulima heka nzima ni kumtania. Huyo anahitaji mtu wa kumpokea ndoo.

Kwa waajiri, wa serikali na wa binafsi. Umri wa kustaafu kwa hiari katika utumishi wa umma ni miaka 55 na wa lazima 60, kwa hiyo mwanamke anapita katika haya yote akiwa kwenye kilele cha ujuzi wake: mwalimu mkuu, muuguzi kiongozi, mhasibu. Hatutaki aandike barua ya kustaafu kwa hiari kwa sababu tu hajalala miaka mitatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi, inampa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, na inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na ya umri. Ndani ya sheria hiyo tayari kuna nafasi ya kumpunguzia zamu za usiku, kumpa feni na maji, na kutomwandikia onyo kwa kutoka nje ya kikao dakika tano. Hakuna linalohitaji bajeti mpya isipokuwa feni.

Tunaitaka Wizara ya Afya iweke swali la hedhi na usingizi kwenye fomu ya mgonjwa wa nje kwa kila mwanamke kuanzia miaka 40, na tafiti za kitaifa zisisimame 49. Tunataka kitita cha Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, kitamke wazi dawa za homoni na huduma ya afya ya akili kwa wanawake hawa. Vyuo vya uuguzi viongeze saa za somo hili; sote tulifundishwa kuzalisha kwa wiki nyingi, na haya tukapewa kipindi kimoja cha mchana.

Tunawaomba makungwi na masomo nao. Binti akivunja ungo anafundwa, akiolewa anafanyiwa kicheni pati na shangazi zake wanampa maneno mpaka alfajiri. Wale waliovuka upande wa pili wana la kumwambia mwenye miaka 45, na vikao vya kikoba vya Jumamosi vinatosha kuanzia. Ukavu ukeni na maumivu ya tendo la ndoa visemwe humo bila kuzungushwa, kwa sababu vilainishi vipo na dawa ya kupaka ipo. Waume waelezwe pia, na wakipenda waje kliniki; tumekwisha kuzoea kuwaona siku ya ujauzito.

Wanachama wetu wenyewe tunawaagiza, si kuwaomba: kuanzia tarehe ya tamko hili, mwanamke wa miaka 40 na zaidi akikaa mbele yako aulizwe hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, damu inatoka kiasi gani, analalaje, na nini kinamtia hofu. Majibu yaandikwe. Kila tawi litakusanya idadi zake kwa robo mwaka na kuziwasilisha kwa mganga mkuu wa wilaya yake, na sisi tutazitangaza hadharani, pamoja na majina ya wilaya ambazo hazikupokea.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji, kwa niaba ya wanachama.