Kompyuta Haikusema Hayupo, Ni Wewe Umesema

Wacha niseme mapema kabla sijaanza kutukanwa: "jina lako halipo kwenye kompyuta" si jibu. Ni uvivu uliovaa tai.

Muhula uliopita mama mmoja jirani yetu hapa Ikutha alienda kwa kamati moja ya kusaidia karo, siitaji jina. Alitaka kujua kuhusu binti yake wa Fomu Tatu. Akaambiwa hayupo, basi hakuomba. Na mimi ndiye nilipiga picha ile fomu ikiwa na muhuri! Tukarudi pamoja. Karani, kijana mpole tu, akanigeuzia skrini. Faili moja, shiti nne: Ikutha, Kanziko, Athi, Mutomo. Fomula yake ilitafuta shiti ya Ikutha peke yake. Mtoto anaishi Ikutha, lakini shule iko Mutomo, na fomu iliingizwa Mutomo.

Kumpata kulichukua dakika mbili. Alikuwa ameshakaa nyumbani wiki mbili.

VLOOKUP ni kama mtoto uliyemtuma jikoni. Ukimwambia aangalie sufuria moja, hatafunua ya pili. Mwambie hivi:

=IFERROR(VLOOKUP(A2,Ikutha!A:D,4,FALSE),IFERROR(VLOOKUP(A2,Mutomo!A:D,4,FALSE),"TAFUTA KWA MKONO"))

Inaanza Ikutha, ikikosa inaenda Mutomo. Shiti zingine unaongeza vivyo hivyo. Na hiyo FALSE usiisahau. Ukiiacha, kompyuta inaenda kwa kinachokaribia, na kama orodha haijapangwa inaweza kukupa mstari wa mtu mwingine bila hata kukuonya. Pesa ya huyu inaenda kwa yule, na faili inaonekana sawa.

Sasa angalia maneno ya mwisho. Sikuandika "HAYUPO", sikuandika sufuri. Ile #N/A mnayoichukia inasema tu, "sijapata pale uliponituma." Hiyo ni lugha ya ukweli. Ni nyinyi mnaoitafsiri kuwa "hakuomba", halafu mnaifunika na sufuri ndio ripoti ikae safi mbele ya mkubwa. Ripoti safi, mtoto nyumbani.

Na kwani nani aliwadanganya mtafute kwa jina, huku Ukambani? Aliyezaliwa asubuhi ni Kioko, wa mvua ni Wambua, wa usiku ni Mutuku. Watakuwa wangapi kwa orodha moja? Musyoka wa karani huyu ni Musioka wa yule. Nafasi moja tupu mwishoni mwa jina, hata huioni kwa macho, inatosha kumfuta mtoto. Tumia namba ya cheti cha kuzaliwa, na uiweke kama maandishi, si tarakimu. Ukibisha, muulize mweka hazina wa chama chochote vile 07 ya simu hugeuka 7.

Najua mtaandika hapo chini: "Wewe uliacha chuo, unafundisha nani?" Kweli, niliacha. Haya nilijifunza kwa simu, kwa Google Sheets, bure. Mwenye meza na kompyuta ana kisingizio gani?

Mwingine atasema karani ana majina mengi mno. Nakubali, na sina ugomvi na karani. Ugomvi wangu ni na aliyemkabidhi faili bila kumfundisha, halafu akampa mamlaka ya kusema hapana.

Kwa hivyo mzazi, ukiambiwa jina halipo, usishike njia ya nyumbani. Uliza maswali mawili tu: "Umetafuta shiti gani? Kwa jina au kwa namba?" Akikosa jibu, vuta kiti ukae.