Nairobi Imeandika, Ngara Isome Lini?

Mwishoni mwa Aprili 1994 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi huku Nyamahanga. Katika muda wa takriban saa 24, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakitokea Rwanda, na Benaco ikageuka mji wa turubai. Sisi watoto tulijifunza siku hizo neno moja la kuwaitia wote: wakimbizi.

Mwaka 2003 Yvonne Adhiambo Owuor, mzaliwa wa Nairobi, alitwaa Tuzo ya Caine kwa hadithi fupi "Weight of Whispers". Mhusika wake mkuu ni Mnyarwanda wa ukoo wa kitawala aliyekimbilia Nairobi na familia yake mwaka ule ule wa 1994, na huko heshima yake ikamomonyoka kidogo kidogo. Nilipoisoma nikiwa mtu mzima, kwa mara ya kwanza niliona nyuma ya neno lile uso wa mtu mmoja. Mwaka 2018 Makena Onjerika naye alipata tuzo hiyo kwa "Fanta Blackcurrant", simulizi ya wasichana wa mitaani wa Nairobi wanaojisemea kwa nafsi ya "sisi".

Waandishi hawa wameutazama mji kutoka chini, mahali ambapo ripoti za ofisini hazifiki. Hata hivyo, wote wawili wameandika kwa Kiingereza, na tuzo yenyewe hushindaniwa kwa lugha hiyo. Binti wa kidato cha pili hapa Ngara, ambaye bibi yake aliwapa maji waliovuka Rusumo, hana njia ya kuisoma hadithi inayomhusu kuliko inavyomhusu msomaji wa London.

Wapo watakaosema ajifunze Kiingereza. Ajifunze, naam. Lakini Kiingereza cha kujibu mtihani hakitoshi kusomea machungu ya jirani, na utu wa jirani haupaswi kungojea matokeo ya mtihani.

Nawasihi wanafunzi wa tafsiri: kwa idhini ya waandishi, zifanyeni hadithi hizi kuwa mada za tasnifu zenu. Nanyi watumishi mnaopanga bajeti za maktaba za shule, zitengeeni fungu. Mkimbizi mwingine akibisha hodi mpakani, na atabisha, atapokelewa na mtoto tuliyemlea kwa takwimu au tuliyemlea kwa hadithi. Uchaguzi huo ni wetu, leo.